Kaburi la Shangazi Ng'washi

"Kristofa, ni nani amekufa?"

Hapo ndipo tulipomwacha mwenyekiti wetu wa kijiji Jumapili iliyopita, msomaji: kapiga magoti juu ya kaburi, jembe mkononi, udongo mpaka kwenye ndevu, na mkewe Nyanjige kasimama nyuma yake na mzigo wa kuni kichwani. Kaburi limezungushiwa mibono kama desturi ya kijiji chetu cha Nkoma inavyotaka. Penye duara la mibono amelala mtu, na jembe halipiti hapo.

Tatizo lilikuwa moja tu. Nyumbani kwa Kristofa Ngassa hakuna aliyekufa.

Wewe na mimi tunajua kilichozikwa. Ni mahindi.

Huyu Kristofa ndiye aliyezunguka kitongoji hadi kitongoji na kofia ya Kampuni ya Kijani Leo, akiwaambia watu wang'oe mahindi, wapande mibono. Mbegu zitakamuliwa dizeli, dizeli itakwenda Ulaya, Ulaya itatuma hela, na kwa hela hizo mtakula mahindi ya kununua kama watu wa mjini. Hili ni soko huria, jamani! Watu wakapanda. Mibono ikastawi vizuri kabisa, shamba la kijani ambalo hata mbuzi analipa kisogo.

Kisha mahindi yakaadimika. Sokoni Bariadi watu wakawa wanauliza bei ya debe kwa kunong'ona, kama wanaoulizia hali ya mgonjwa mahututi.

Na mwenyekiti? Yake hakuyang'oa. Aliyavuna, akayaficha. Siku moja aliitisha mkutano wa hadhara kwenye ghala la pamba, akamwachia Bwana Joakim wa kampuni jukwaa, na kijiji kizima kilipokuwa kikipigia makofi nishati mpya, yeye alikuwa ukingoni mwa ngitili, malisho ya akiba ya kijiji, akichimba shimo. Akatanguliza pipa tupu la mafuta, akalijaza mahindi debe kwa debe, akafunika, akafanya tuta, akachomeka mibono. Alikuwa anangoja bei ipande tena kidogo. Nani atafukua kaburi?

Asubuhi hiyo alikuwa amekuja kulitengeneza. Kila akipita aliukuta udongo umelegea, naye kila mara aliwalaani mbwa.

"Kristofa, nakuuliza."

"Shangazi," Kristofa akasema. Neno lilimtoka lenyewe.

"Shangazi yupi?"

"Ng'washi. Wa Mwamanyili."

Kristofa hana shangazi Mwamanyili, msomaji. Hana shangazi popote. Marehemu baba yake alizaliwa peke yake, na hata hilo bibi yake alilihesabu kuwa ni kosa.

Nyanjige akatua kuni chini taratibu. "Na mibono imeshatoa majani?"

"Alifariki mwezi uliopita. Ugonjwa mbaya, wa kuambukiza. Nilimzika kimya kimya nisikutie hofu."

Kristofa akasubiri maswali. Mkewe alikuwa mtu wa maswali. Angeweza kumhoji hakimu mpaka hakimu akaomba maji. Lakini Nyanjige hakuuliza kitu. Aliweka mikono kichwani, akafumba macho, akapiga yowe lililowarusha ndege kwenye miti ya ngitili.

"Uuuwi! Shangazi Ng'washi wee! Umetuachia nani!"

"Nyanjige! Nyamaza!"

"Ninyamaze vipi na mtu amekufa?"

Akabeba kuni zake akarudi uani akilia, Kristofa nyuma yake. Yowe la msiba halihitaji simu. Wa kwanza kufika alikuwa jirani yao Philomena, khanga kiunoni, machozi tayari. Nyuma yake wakaja wanawake wa kitongoji kizima, halafu wanaume, halafu watu ambao hata Kristofa, aliyewaomba kura wote, hakuwatambua. Hakuna aliyeuliza Ng'washi ni nani. Penye msiba pana chungu, na watu wa Nkoma walikuwa wamesahau sauti ya mwiko kugonga chungu. Kufa kufaana.

"Pole sana, mayu, mama yetu," Philomena akamwambia Nyanjige, akijifuta macho. Kisha akashusha sauti. "Na moto umeshawashwa?"

"Umeshawashwa."

Kristofa akashtuka. Moto wa kupika nini? Kihenge chake kilikuwa kitupu; alikimwaga mwenyewe kwenye pipa. Ni kweli ugali ulikuwa haukosekani mezani kwake kila jioni, mgumu, mweupe, na aliusifu. Lakini hakuwahi kujiuliza unga unatoka wapi. Ugali ni kazi ya mwanamke, na mwenyekiti ana mambo ya maendeleo kichwani.

Mambo mawili yalimtoa jasho. La kwanza ni kwamba siku hiyohiyo Joakim alikuwa analeta wakubwa wa kampuni kuja kuchukua saini. Kampuni ilikuwa imemaliza mashamba, sasa inataka na ngitili, lile eneo la nyasi ambalo kijiji hulifunga masika ili ng'ombe wapate cha kula kiangazi. Kijiji kilikuwa hakijaambiwa. Kristofa alikuwa ameahidiwa pikipiki.

La pili lilikuwa zito zaidi. Siku hiyohiyo Mzee Mhoja wa Kiloleli alikuwa njiani na ng'ombe wa mahari ya Milembe, binti pekee wa nyumba ile. Mhoja alishaahirishiwa mara moja kwa kuwa hapakuwa na cha kumlisha. Alisema akirudishwa tena, ng'ombe wake wanaijua njia ya nyumba nyingine. Na Milembe alimpenda Januarius wa Mhoja kiasi cha kuimba akiosha vyombo, tena kwa sauti mbaya. Ng'ombe wa mahari hawaingii uani penye matanga. Kila mtu anajua hilo.

"Mungu wangu," Kristofa akanong'ona. Na ng'ombe wakalia barabarani.

Mhoja aliingia na fimbo yake begani, mrefu, mkavu, kofia ya pama kichwani. Aliwaona watu wameketi chini, akasimama.

"Mwadila," akasalimu.

"Mwadila mhola," wakaitikia kwa sauti ya msibani.

"Kuna nini hapa?"

"Tumefiwa, mkwe," Kristofa akasema haraka. "Lakini ni msiba mdogo. Wa zamani kidogo. Tunaweza kuumaliza sasa hivi."

"Nani?"

"Shangazi yangu. Ng'washi, wa Mwamanyili."

Mhoja akavua kofia. Akafikiri. Akaivaa tena.

"Mwamanyili? Mimi natoka Kiloleli, nkoi, rafiki yangu. Mwamanyili nimechunga tangu sina meno ya mbele. Nyumba zote nazijua. Ng'washi binti wa nani?"

"Alikuwa mtu mkimya sana."

"Hata mkimya ana ua. Ua wake uko upande gani?"

"Huku... ukipita kanisa."

"Kanisa la Katoliki au lile la AIC?"

Kristofa akachagua. "La Katoliki."

"Ukipita pale ni ziwa," Mhoja akasema. "Shangazi yako alikuwa kambale?"

Mtu akacheka, akajifanya anakohoa. Lakini Masunga hakucheka. Masunga alikuwa kamanda wa sungusungu, mtu wa maneno machache na filimbi moja. Alisimama, akakung'uta vumbi.

"Mwenyekiti. Huyu marehemu nani alimwosha?"

"Mimi."

"Nani alishuhudia?"

"Mimi."

"Nani alichimba?"

"Masunga, ndugu yangu, msiba hauna maswali mengi hivyo."

"Kaburi lisilo na shahidi lina kesi," Masunga akasema, akapuliza filimbi. "Leteni majembe. Tunafukua."

Maji yalimfika shingoni mwenyekiti. Akawatazama watu wake. Aliona shingo zilizokonda, mashavu yaliyoingia ndani, macho yaliyokwisha kuchoka kutazama mibono. Akapima haraka lipi lina nafuu: kuitwa muuaji, au kuitwa mficha mahindi. Katika kijiji chenye njaa, msomaji, muuaji ana nafuu.

"Nilimuua mimi!" Kristofa akapiga kelele, akanyoosha mikono mbele ili afungwe. "Nakiri! Shangazi nimemuua mimi! Nipelekeni polisi Bariadi sasa hivi, msijisumbue kufukua!"

Wanawake wakashika vinywa. Milembe, aliyekuwa anatoka jikoni na kijiti cha moto, akamtazama baba yake, kisha akamtazama mama yake, kisha akarudi jikoni haraka mno.

Masunga akakuna kidevu. "Umemuua kweli?"

"Kweli kabisa! Kwa... kwa mwichi wa kutwangia!"

"Basi ndiyo lazima tufukue," Masunga akasema. "Polisi watauliza maiti iko wapi."

Wakaongozana wote hadi ukingoni mwa ngitili, maana palikuwa karibu na ua. Mibono ikang'olewa. Udongo ukatoka kirahisi ajabu, na Kristofa akawalaani tena wale mbwa. Jembe likagonga chuma, ngo!

"Mlimzika na bati?" Mhoja akauliza.

Kristofa alikuwa amefumba macho, akisubiri sauti moja tu, ile ya kijiji kizima kusema "mahindi" kwa pamoja. Alishaanza kutunga hotuba. Hii ni akiba ya kijiji, ndugu wananchi. Nilikuwa nawatunzia.

Mfuniko ukang'oka. Kukawa kimya.

Kristofa akafumbua jicho moja. Masunga alikuwa ameinama, kiganja kimejaa punje nyeusi zisizolika, ambazo kila mtu pale alizijua kuliko alivyojua nyayo za miguu yake.

Mbono. Pipa limejaa mbegu za mbono hadi juu.

Hapo akili ya mwenyekiti ikaruka kama kuku aliyemwagiwa maji. Akawasukuma watu, akajitosa shimoni, akatumbukiza mikono yote miwili ndani ya pipa, akichota mbono na kuzitupa nje.

"Mahindi yangu yako wapi? Nani kachukua mahindi yangu?"

Alipotambua alichosema, kilikuwa kimeshasikika mpaka Lagangabilili.

"Mahindi gani, mwenyekiti?" Masunga akauliza kwa upole.

Na jibu likaja kwa njia ya pua. Ilikuwa harufu ya ugali, ugali wa kweli, na mlenda wa karanga. Watu wakageuka wote kwa pamoja. Nyanjige na Milembe walikuwa wanakuja wamebeba sinia mbili kubwa zinazofuka moshi.

"Kaeni chini, mle," Nyanjige akasema. "Marehemu nimeshampika."

Hakuna aliyesogea. Nyanjige akatua sinia, akajifunga khanga vizuri, akasogea ukingoni mwa shimo na kumtazama mumewe kutoka juu.

"Nilipoliona kaburi hili mara ya kwanza nilipiga magoti, Kristofa. Nikasali rozari nzima. Nikawaza, maskini, ni mtoto wa nani huyu aliyezikwa bila watu? Nilipoinuka, punje za mahindi zilikuwa zimenigandia magotini." Akatikisa kichwa. "Milembe alinisaidia kubeba. Tukajaza mbono zako badala ya mahindi, maana pipa tupu ungelisikia. Mwezi mzima huyo shangazi umekuwa ukimla, na kila jioni unamsifu kwamba ni mgumu vizuri."

Kicheko kilianza kwa Mhoja, kikapita kwa wanaume, kikafika kwa bibi mmoja aliyelazimika kushikwa asianguke shimoni. Lakini Philomena hakucheka. Alikuwa amemshika Nyanjige mkono.

"Ule unga uliokuwa unaniletea, mayu. Ukasema umetumiwa na ndugu zako."

"Ndio huo."

Philomena akageukia shimo.

"Mwenyekiti. Mtoto wangu alilala na njaa mpaka akaacha kulia, maana hata kulia kunataka nguvu. Nikakutana na wewe njiani, nikakueleza. Unakumbuka ulinijibu nini? 'Vumilia, mama, dizeli inakuja.' Uliniambia hivyo na ugali wa chakula cha mchana ukiwa umekukauka kwenye vidole."

Kristofa akataka kusema jambo. Aliona aibu, aibu ya kweli, ya kwanza tangu avae ile kofia, ikampanda kutoka miguuni. Lakini maneno yote aliyokuwa nayo yalikuwa ya mikutano ya hadhara, hayakufaa.

Masunga akapuliza filimbi fupi. Watu wakanyamaza.

"Watu wamelia," akasema. "Kuni zimeungua. Wakwe wametoka Kiloleli. Msiba huu hauwezi kukosa marehemu, itakuwa tumedanganya Mungu. Mnasemaje?"

"Hauwezi," wakaitikia.

"Basi marehemu ni Kristofa Ngassa. Kuanzia sasa hakuna wa kumsalimu, hakuna wa kumpa moto wala maji, hakuna wa kumjibu akisema. Mpaka kikao kingine kimfufue."

Usicheke, msomaji. Adhabu hiyo ni ya zamani kule, na wanaume wazima wameilia kuliko viboko.

"Na mahari?" Milembe akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Macho yote yakamgeukia Mhoja. Mzee alimega tonge, akalichovya kwenye mlenda, akatafuna bila haraka ya binadamu.

"Binti. Ni wewe uliyebeba mahindi kaburini, na jioni ukampakulia baba yako bila kucheka?"

"Nilicheka jikoni, baba."

"Mwanangu Januarius hajui kuficha hata sindano. Nyumba yake inamhitaji mtu kama wewe." Mhoja akasimama, akachukua kamba ya ng'ombe dume aliyekuwa mbele, akaiweka mkononi mwa Nyanjige. "Baba akiwa marehemu, mama anapokea. Ila ng'ombe hawa wamekonda kwa safari. Uani penye matanga hawaingii; leo hii wataingia kwenye ngitili, maana kama si nyasi za hapa nisingewaleta. Wakifa kwa njaa mkononi mwenu, na ndoa itakufa nao. Tumeelewana?"

"Wabeja, asante sana, baba," Nyanjige akasema, akapiga goti. Milembe akaanza kuimba palepale, kwa ile sauti yake, na hakuna aliyemkataza.

Watu wakala. Shimoni, Kristofa akameza mate.

"Nyanjige," akaita. "Niletee na mimi kidogo."

Nyanjige akainua kichwa. "Milembe, umesikia kitu?"

"Hapana, mama. Labda upepo kwenye mibono."

Ndipo gari likanguruma. Lendikruza nyeupe ya Kijani Leo iliacha barabara, ikaja moja kwa moja hadi penye watu, ikawanyunyizia vumbi kwenye mboga. Akashuka Joakim, miwani ya jua, mkoba wa ngozi. Nyuma yake wakashuka wakubwa wawili, wakinusa hewa.

"Habari za leo, wanakijiji! Mwenyekiti yuko wapi? Tumekuja kusaini ile ngitili, trekta liko nyuma yetu."

Mikono ikasimama njiani kwenda vinywani. Saini gani? Trekta la nini? Mhoja akageuka kuwatazama ng'ombe wake, waliokuwa wameshatia midomo kwenye nyasi.

"Mnaniangalia nini?" Joakim akacheka. "Saini moja tu ya mwenyekiti. Yuko wapi?"

Philomena akameza tonge lake lote kwanza.

"Amekufa," akasema.

Joakim akavua miwani. "Nani?"

"Mwenyekiti. Amefariki leo. Huoni matanga? Kaburi lile pale."

"Amefariki," Masunga akathibitisha. Na kijiji kizima, ambacho tangu mibono ije kilikuwa hakijawahi kukubaliana juu ya kitu chochote, kikaitikia kwa sauti moja: "Amefariki."

Mkubwa mmoja akamnong'oneza Joakim kitu. Joakim akatikisa kichwa kwa uchungu. "Haiwezekani, mkuu. Mwenyekiti akifa ni uchaguzi upya, mikutano upya, kila kitu upya. Itachukua mwaka." Akalitazama lile tuta la udongo kwa mashaka. "Juzi tu nilikuwa naye. Alikuwa mzima kabisa, anaulizia pikipiki yake. Ngoja nikamuage walau."

Akaanza kutembea kuelekea kaburini.

Shimoni, umbali wa hatua chache, Kristofa Ngassa alikuwa amechuchumaa nyuma ya pipa la mbono, anasikia kila neno. Akisimama tu, amefufuka: mwenyekiti, kofia, pikipiki. Na ngitili imekwenda, ng'ombe wamekwenda, Milembe hataimba tena. Akikaa, yeye ni maiti, na hajui watamfufua lini.

Kivuli kikapita juu yake. Nyanjige alikuwa amewahi, amepiga magoti ukingoni, mgongo kwa Joakim, analia kwa sauti kubwa, "Mume wangu wee! Nani atatulisha sasa!" Na huku analia, macho makavu kabisa, mkono wake ukashuka taratibu shimoni, ukaweka kitu kwenye kiganja cha mumewe. Lilikuwa tonge la ugali, bado la moto.

Mke na mume wakatazamana. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi Kristofa kumtazama mkewe usoni kwa muda mrefu hivyo.

Viatu vya Joakim vikasimama juu ya udongo uliofukuliwa. Punje za mbono zikaporomoka na kumwangukia Kristofa kichwani.

Kristofa akatazama juu. Akatazama tonge. Akavuta pumzi, akafungua mdomo. Tukutane Jumapili ijayo, msomaji.